Majina Yaliyotajwa Mara Mbili

Ofisi yangu na ofisi ya pili ya parokia yetu hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, zinatenganishwa na mbao nyembamba, na ni kupitia mbao hizo nilianza kumwonea wivu mwanamke ambaye hakuwa amenikosea lolote. Kompyuta yangu ilitaja kila jina mara mbili. Yake ilitaja mara moja. Leo naona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo, lakini kwa miezi mingi lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mimi ni mzee na sioni. Nimekuwa katibu wa parokia tangu siku za mashine ya taipu, ile iliyokuwa ikipiga kengele kila mwisho wa mstari. Presha ya macho ilinichukulia nuru polepole, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka siku moja nikatambua kwamba nilikuwa nikimjua mke wangu mlangoni kwa harufu ya sabuni yake. Sikunung'unika. Nilimshukuru Mungu kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeshajifunza mahali pa kila herufi kabla macho hayajaondoka. Ndugu mmoja wa kanisa kutoka Uvira alituletea kompyuta ya kubeba, yenye programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Sauti yake ni ya mtu mwenye mafua ambaye hajawahi kucheka, lakini ilinirudishia kazi yangu, na kwa hilo nilishukuru pia.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Nikiandika barua ya kawaida ilisoma vizuri, mstari baada ya mstari. Lakini nikifungua jedwali, lile andiko lililopangwa katika visanduku, kila nilipobonyeza mshale wa kushuka ilitaja kilichomo kisandukuni, ikanyamaza kidogo, halafu ikakitaja tena. Jina la mtu, jina la mtu. Jina la kijiji pia: Swima, Swima. Na kazi ya katibu wa parokia karibu yote ni majedwali: waliobatizwa, waliofunga ndoa, wazee wa zamu, wanakwaya.

Sikumwambia mtu. Katika kanisa letu matangazo husomwa kwa Kiswahili kisha yakarudiwa kwa Kibembe, basi sikio langu lilikuwa limezoea kungoja jambo lipite mara ya pili. Tena katika masomo yangu ya uinjilisti nilifundishwa kwamba usumbufu mdogo ukipokewa vizuri ni sadaka. Nikaifanya ile sauti sadaka yangu. Kila asubuhi nilisikia kila kitu mara mbili na nikajiona mtu mvumilivu.

Kisha ziwa likapanda. Wote wa Baraka wanakumbuka jinsi maji yalivyoingia katika nyumba za chini na kukaa humo kama mpangaji. Kwetu yaliingia chumba cha akiba, na madaftari ya marehemu wa parokia yakageuka uji. Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, tunafanya ibada ya kumbukumbu na kusoma majina ya waliotangulia, wote, tangu kanisa lilipoanza. Ni ibada ndefu kuliko Krismasi, na hakuna anayetoka nje. Jina la marehemu lisiposomwa siku hiyo, familia yake haiulizi katibu alikosea wapi. Inauliza kanisa limemkataa mtu wao kwa sababu gani.

Pasta akanipa kazi ya kuikusanya orodha upya kutoka midomoni mwa watu. Walikuja baada ya ibada na siku za kazi pia, wakakaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, wakanitajia. Nikaandika jina katika kisanduku cha kwanza, na katika cha pili kijiji na neno la kumtambulisha: babu, mjane, mvuvi, mtoto wa fulani. Neno hilo la pili lilikuwa la lazima, maana katika familia nyingi za hapa mtoto hupewa jina la babu yake, na babu na mjukuu wote wanaweza kuwa wamekufa. Tena mtu mmoja aliweza kuletwa mara mbili, leo na mjane wake, kesho na shemeji yake. Kwa hiyo kazi ilikuwa kukusanya, halafu kusikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho na kuondoa yaliyoingia mara mbili bila kumgusa asiyehusika.

Hapo ndipo yule mama alipoletwa. Alikuwa wa Swima, mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, kipofu tangu surua ya utotoni, na alikuwa amesomea kompyuta Bukavu. Alikuja kwa pikipiki Jumanne na Ijumaa. Baraza la parokia lilimpa kuandika orodha ya waumini walio hai. Yeye alipewa walio hai, mimi nikabaki na waliokufa. Nilitabasamu kikaoni, na nikaenda nyumbani bila hamu ya chakula.

Ijumaa ya kwanza niliisikia mashine yake kupitia mbao. Jina. Kimya. Jina. Kimya. Vidole vyake vilikimbia, mashine ikasema mara moja, vidole vikakimbia tena. Nilizima sauti yangu ili nisikilize vizuri. Nilidhani labda anaandika barua. Lakini hapana, alikuwa ndani ya jedwali, nilimsikia akivuka kutoka kisanduku hadi kisanduku, na kila kitu kilitajwa mara moja tu, kama mtu mwenye heshima anavyobisha hodi. Kufika saa sita alikuwa amemaliza mtaa mzima. Mimi nilikuwa kwenye herufi ya tatu.

Siku nyingine Pasta alisimama mlangoni kwangu wakati mashine inasoma. Alisikiliza majina kama manne, nane kwa sikio lake, akaangua kicheko.

"Papa katibu! Kumbe kwako bantu banakufaka mara mbili?"

Upande wa pili wa mbao yule mama naye akacheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kisicho na ubaya, nami nilikihifadhi kwa siku nyingi kama ushahidi.

Baada ya Pasta kuondoka alikuja na fimbo yake, akagonga mara moja.

"Papa katibu, mi nasikia mashini yako inarudilia-rudilia. Iko dawa yake. Nikuwekee?"

"Yangu iko sawa, mama. Aksanti."

"Haikuchokeshe?"

"Muntu wa Mungu hachokake."

"Njo vile, papa," akasema, na nilisikia tabasamu katika sauti yake.

Nimewafundisha wanafunzi wa ubatizo amri ya kumi kwa zaidi ya miaka thelathini. Naijua kwa moyo, nyumba ya jirani, mke wa jirani, ng'ombe wa jirani. Nilijitetea moyoni kwamba kompyuta ya jirani haikutajwa. Kisha nikakumbuka maneno ya mwisho ya amri yenyewe, wala chochote alicho nacho jirani yako, yale yanayofunga milango yote, nikaona aibu. Lakini aibu haikuuondoa wivu. Vilikaa pamoja.

Nyumbani mke wangu alinigundua kabla sijajigundua. Tulikuwa tunakula bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

"Ule mama wa Swima unamutajaka kila siku ku meza," alisema. "Bibi yako ni mi ama ni yeye?"

"Mi sina wivu."

"Nani amesema wivu? Mi nimesema meza."

Wiki chache kabla ya ibada, Pasta aliniletea kle, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia maandishi, akaniomba nimpe yule mama nakala ya orodha ya marehemu, ili iwe mahali pawili, maana tulishaona maji yanavyofanya. Nilisema ndiyo. Niliiweka kle katika mfuko wa koti, na koti nikalitundika. Kila Jumanne na kila Ijumaa niliigusa kwa vidole na kujiambia kwamba orodha haijakamilika, kwamba si vema kumpa mtu kazi ambayo haijasafishwa. Ukweli ni kwamba sikutaka mashine yake iyasome majina yangu. Nilijua yatakavyosikika huko, moja moja, safi, na watu watasema hiyo ndiyo orodha.

Basi nikaanza kuisafisha kwa haraka. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, yanayofanana yakifuatana, nami nilijiwekea kanuni. Jina likitajwa mara mbili, ni mtu mmoja, ni mashine tu. Jina likitajwa mara nne, limeandikwa mara mbili, futa moja. Kanuni ilihitaji kitu kimoja zaidi, nacho nilikijua: kabla ya kufuta, ingia kisanduku cha pili usikilize kama ni babu au mjukuu. Lakini kisanduku cha pili nacho kilitajwa mara mbili, na cha mtu wa pili mara mbili, na wakati huo kupitia mbao mashine yake ilikuwa inatembea kama mtu anayeteremka mlima. Nikaacha kuingia kisanduku cha pili. Jina mara nne, nafuta. Jina mara nne, nafuta. Nilipata kasi. Ijumaa moja nilimaliza herufi mbili kabla pikipiki yake haijafika, na nilipousikia mlango wake ukifunguliwa nilikuwa nimekwisha kufunga mashine na kukaa na mikono juu ya tumbo.

Ijumaa iliyotangulia wiki ya ibada, alikuja kugonga.

"Pasta amesema tusikilize liste yako pamoja, papa. Mbele ya kuisoma ku kanisa."

Sikuwa na njia. Alikaa kwenye kile kiti ambacho familia zilikuwa zikikaa. Nikashuka jina kwa jina, na mashine yangu ikarudia kama kawaida yake, nami mbele yake niliisikia mbaya kuliko siku zote. Hakusema lolote juu ya hilo. Tulipofika jina moja la mtu wa Swima alininyoshea mkono, nikahisi upepo wake karibu na kiwiko changu.

"Simama pale, papa. Na ingine?"

"Ingine gani?"

"Ile ni ya babu. Ya mudogo wangu iko wapi? Alikuwaka na jina ya babu."

Nilishuka mstari mmoja, nikapanda miwili. Jina lilikuwa moja.

"Labda haikuandikwa," nilisema.

"Mi nilikupa mbili, papa. Nilikuwa nimekaa hapa, ku hii kiti. Nilikuambia babu, na mudogo wangu mwenye ziwa ilimukamata. Ulisema pole."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata yeye alivyoniambia habari ya mtumbwi ule, na mimi nilivyoandika "mvuvi" katika kisanduku cha pili. Na nilikumbuka siku ya kufuta: jina mara nne, kidole changu, na furaha ndogo niliyoipata kwa kuwa mstari umepungua.

"Pengine ni mashini," nilisema.

"Mashini haifutake muntu."

Hakulisema kwa hasira. Nilikaa pale, mzee mwenye mvi, mwalimu wa watu. Nikamwambia kanuni yangu yote, mara mbili ni mmoja, mara nne ni makosa.

"Ulifuta bangapi?"

"Siyui, mama."

"Na ile kle Pasta alikupatia?"

"Iko mu koti. Haina kitu. Sikuiwekea kitu."

Hakuuliza kwa nini. Ningependa angeuliza, maana ningeweza kukasirika. Kule barabarani wauza samaki walikuwa wakipatana bei. Kisha akavuta pumzi kwa pua, kama mtu aliyemaliza kulia bila sauti, akasema, "Basi tutengeneze kwanza mashini. Kiisha tutatafuta bale bengine benye ulifuta."

Alitoa kle yake, akanisogeza kwa kiwiko, akakaa mbele ya kompyuta yangu. Ilichukua muda wa kunywa chai. Aliniambia jinsi ugonjwa ulivyokuwa, nami nilisikiliza kwa sababu sikuwa na haki ya kufanya lingine. Programu ya kuandikia, alisema, ilikuwa inapiga hodi mara mbili. Ukiingia kisanduku inatangaza kwamba mtu ameingia kisanduku hiki, chenye maneno haya. Papo hapo inatangaza tena kwamba alama ya kuandikia imesimama juu ya maneno haya. Programu ya kusoma inatii kila tangazo, haijui kwamba ni habari ile ile. Ni sawa na mgeni anayetangazwa na mtoto kwenye uzio na tena na mama mlangoni, na wewe ndani unatandika vitanda viwili. Katika toleo jipya watengenezaji wameifundisha kulinganisha. Tangazo la pili likiwa na maneno yale yale, ya kisanduku kile kile, kwa wakati ule ule, linaachwa. Lakini mstari mwingine wenye jina lile lile unatajwa, kwa sababu ni mahali pengine.

"Nani alibaambia?" niliuliza.

"Mi."

"We?"

"Bale benye kuitengenezaka ile programu, banapokeaka barua. Nilibaandikia mu Kifaransa. Nilibaambia, huku kwetu tunaandikaka majina ya bantu mingi mu tablo, na kila muntu anasemwa mara mbili, kichwa inauma. Bakajibu. Bakaniuliza nabonyeza nini, nasikia nini, mu vershoni gani. Nilirudilia ile kitu siku tatu, nabaandikia. Kiisha miezi bakanitumia mupya."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi alivyomwomba jirani chumvi. Nilikuwa na ugonjwa ule katika mashine yangu zaidi ya mwaka kabla yeye hajafika Baraka. Kilichonijia kwanza, kabla ya toba, kabla ya kumfikiria mdogo wake, kilikuwa wivu mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Alikuwa ameandika barua. Mimi nilikuwa nimetoa sadaka. Na Mungu, kwa jinsi nilivyoona asubuhi ile, alikuwa ameipokea barua.

Alipomaliza alinirudishia kiti. Nilibonyeza mshale. Mashine ikataja jina, ikanyamaza. Nilingoja. Hakikuja kitu. Nilisikia kama nimeweka mguu palipokuwa na ngazi na ngazi haipo. Nikabonyeza tena, jina, na kimya kile kile. Nikamwandika mdogo wake chini ya babu yake, nikashuka, nikapanda, nikashuka. Babu. Mjukuu. Kila mmoja mara moja.

"Njo ivi," alisema, akasimama kwenda kumweleza Pasta. Lakini mlangoni akasita. "Unataka mi nimuambie, ama we mwenyewe?"

"Mi mwenyewe," nilisema, na nilimwambia Pasta siku ile ile, ingawa nilisema tu kwamba nilifuta kwa haraka.

Wiki ile tuliitumia kutafuta. Pasta alitangaza katika vikundi vyote vya maombi kwamba kila familia yenye marehemu wawili wa jina moja ije kusikiliza. Waliokuwa hawawezi kuja tuliwafuata, mke wangu mbele, mimi na yule mama nyuma yake, fimbo mbili kwenye njia za mchanga. Yeye hakuja tena Jumanne na Ijumaa tu, alikuja kila siku. Katika nyumba karibu zote nilipaswa kusema maneno yale yale, kwamba nimelifuta jina la mtu wao. Wengine walinipa kiti na maji. Mvuvi mmoja, kijana wa shingo nene kwa sauti yake, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eh papa katibu," alisema, "baba yangu tulimuzika mu mvua. Na we ukamuzika tena mu mashini, bila hata kutuita ku kilio?"

Wenzake wakacheka. Mke wangu hakucheka, nami pia sikucheka, lakini nilisimama pale mpaka alipomaliza, kwa sababu alikuwa na haki ya kumaliza. Kisha akanitajia majina mawili, polepole, na yule mama akayaandika kwenye kompyuta aliyoiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliposhika kompyuta watu walizungumza naye, hawakuzungumza na mimi. "Mama, umesikia vizuri?" "Mama, isome tena." Nilikuwa kando ya uzio nikishikilia chaja.

Jumamosi tulikuwa na orodha iliyorudi, kwa kadiri tulivyoweza kujua. Pasta aliniuliza kama nitasoma. Mimi ndiye niliyesoma miaka yote, kwanza kwa macho, kisha kwa kurudia kile mashine ilichoninong'oneza sikioni. Nilisema asome yeye. Pasta alinisifu kwa unyenyekevu, na sikumrekebisha. Haukuwa unyenyekevu. Niliogopa kusimama mbele ya watu na orodha ambayo sikuiamini tena.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa benchi ya pili na mke wangu. Yule mama alisimama kwenye mimbari na kisikilizio kimoja sikioni, akasoma. Alisoma vizuri. Nitasema hivyo ingawa kinywa changu hakikutaka. Palipokuwa na babu na mjukuu alitaja jina, akasema neno la kumtambulisha, akaacha nafasi ya pumzi, akataja la pili, na mahali fulani katika kanisa ungeisikia familia yao ikiitika kwa sauti ya chini. Alipofika kwa mdogo wake sauti haikutetemeka. Nilijaribu kumshukuru Mungu kwa ajili yake na nikafanikiwa nusu.

Alimaliza. Pasta akasimama kuomba. Ndipo mwanamke mzee akasema kutoka nyuma, bila kuombwa nafasi.

"Pasta, munisamehe. Mi natoka mbali, kule njia ya Misisi. Nimetumia siku mbili mu barabara. Mutoto wangu hamukumusoma."

Pasta akamuuliza jina. Akalitaja.

"Limesomwa, mama."

"Ile ni ya babu yake. Mutoto wangu alikufa mu shimo ya zahabu. Nilileta jina yake hapa mi mwenyewe, bakaiandika."

Tulikuwa tumewatafuta watu wa Baraka na wa Swima na wa kando ya ziwa. Njia ya Misisi ilikuwa imeharibika na hakuna aliyepanda kule. Mke wangu aliuweka mkono wake juu ya goti langu, sijui kama ni kunizuia au kunisukuma. Nilisimama.

"Ni mi, mama. Mi njo nilimufuta."

"Ulimufuta juu ya nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, kwamba ilikuwa haraka tu, lile nililompa Pasta na nyumba zote. Lilikuwa la kweli kiasi. Lakini mwanamke yule alikuwa amekaa siku mbili barabarani, na alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Wivu, mama," nilisema.

Kanisa likavuma. Yule mwanamke akangoja mpaka likanyamaza.

"Wivu ya mutoto wangu?"

"Hapana, mama. Wivu ya mashini. Ya huyu mwenzangu ilisema muzuri kupita yangu. Nilitaka mi nimalize kazi mbele yake. Nikaacha kuangalia ni nani nafuta."

Mtu mmoja upande wa vijana alicheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyefinywa. Yule mwanamke hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Alitembea. Nilisikia kandambili zake kwenye saruji, zikija katikati ya mabenchi, zikifika benchi yetu, zikipita. Zilikwenda mpaka mbele.

"Mama," alimwambia yule aliyeko mimbarini, "uko na nafasi?"

"Iko, mama. Niambie."

Akamtajia. Kanisa zima lilisikia vidole kwenye vitufe, kisha jina likasomwa, na kijiji, na neno la kumtambulisha, mtoto wa huyu mama, kwa sauti iliyojaa mpaka kwenye bati. Wote walisema amina. Nilisema na mimi. Jina lile nilikuwa nimelishika mikononi mwangu kabla yake, lilikuwa langu kulirudisha, na lilirudi kwa kinywa chake. Hata wakati ule, nikiwa bado nimesimama na uso umewaka, nilitamani kinywa kile kiwe changu. Mke wangu alinivuta shati nikae. Nilikaa, nikainamisha kichwa kama wengine, na Pasta akaanza kuomba.